Majivu na Mboji vya Mkungu Mmoja

Chikichi zikishapukuchuliwa hubaki mkungu mtupu, wa nyuzinyuzi na miiba, kama sehemu 1 kati ya 5 ya uzito wa mkungu mzima. Uani kwa jirani yangu hapa Kasingirima, Kigoma, mikungu hiyo haitupwi. Wala haichomwi yote, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Nusu anaikatakata kwa panga, anaipanga pamoja na makapi ya kukamulia na samadi ya mbuzi, anamwagia maji, anafunika kwa majani ya mgomba. Kila baada ya siku chache huchomeka kijiti katikati ya lundo, akakichomoa na kukifumbata. Kikimchoma, anageuza lundo. Kikiwa vuguvugu, analiacha. Lundo linalooza vizuri hufika nyuzi 60. Yeye hana kipimajoto, ana kiganja. Baada ya miezi 3 hivi uvundo umekwisha, linanukia udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza.

Nusu ya pili anaianika, kisha anaichoma polepole. Majivu ya mkungu yamejaa potasiamu, ndiyo maana wakamuaji wa mawese wameyapikia sabuni tangu zamani. Anayachuja kwa maji katika ndoo iliyotobolewa kitako, anachovya vidole viwili na kuvisugua. Yakiteleza kama mlenda, yamekolea.

Halafu huja jambo ambalo sichoki kulitazama. Anamimina maji ya majivu juu ya mboji, anakoroga, na yale maji ya rangi ya chai hafifu yanakuwa meusi kama kahawa. Wakemia wanakiita kilichotoka humo asidi za humiki. Zimo katika kila mboji, ila maji matupu hayazitoi kirahisi. Zinataka maji makali ya jivu, na jivu lenyewe limetoka kwenye mkungu uleule! Potasiamu ukiiweka kando, hiki si chakula cha mmea. Ni uchokozi wa mzizi: seli zake husukuma asidi nje kwa bidii, kuta zake zikalegea, mzizi ukarefuka na kuchipua vijizizi pembeni.

Tangu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipoanza kuhimiza michikichi hapa Kigoma mwaka 2018, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za michikichi aina ya Tenera. Mikungu mitupu haitakosekana.

Mimi nilipewa kopo moja la maji hayo meusi nikaunyunyizia mchicha bila kuyazimua. Kesho yake majani yalikuwa yamebabuka kingoni. "Mwanangu, umeunywesha sabuni," akasema, akacheka mpaka akaketi chini. Yeye kopo moja hulitia kwenye ndoo nzima, akaendelea kuongeza maji mpaka auone mkono wake ndani, akamwagilia shinani jua likiwa limeshaelekea ng'ambo, Kongo.

Juzi aling'oa mche wa bilinganya anionyeshe. Mizizi myeupe, imesongamana kama ndevu. Akaurudisha haraka, akaushindilia kwa dole gumba.