Jembe Husomwa Shingoni

Mvua za Tabora huanza mnamo Novemba, na majuma machache kabla yake majembe hurundikwa sokoni mafungu kwa mafungu, mengine yamepakwa rangi nyeusi, mengine bado yana magamba ya moto. Mnunuzi mwenye haraka hutazama rangi na kupima uzito kwa mkono. Rangi haimwambii lolote, na uzito humwambia nusu ya habari. Ubora wa jembe uko mahali pawili: shingoni, pale bapa linapokutana na mkia au tundu la mpini, na kwenye makali, upana wa vidole viwili kutoka ukingoni. Sehemu hizi zinadaiwa tabia zinazopingana. Makali yawe magumu, yasiliwe upesi na mchanga. Shingo iwe na ulaini wa kustahimili kisiki bila kukatika. Kuzikalisha tabia hizo mbili katika kipande kimoja cha chuma ndiyo kazi yote ya mhunzi, na mnunuzi anaweza kujifunza kuisoma.

Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, ilikuwa na sababu ya kujifunza mapema. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipokuwa ikitua Unyanyembe, penye Tabora ya leo, jembe lilikuwa chombo cha shamba, bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka. Wahunzi wa Usumbwa, upande wa kaskazini-magharibi, walikuwa na sifa kubwa, na kazi yao ilisafiri mbali mabegani mwa watu. Umbo lake lilikuwa bapa pana lenye mkia mrefu uliochongoka, unaopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Fedha ambayo kesho itainua tuta haipokelewi kwa kutazamwa juujuu.

Chuma cha siku hizo kilikuwa na hila yake. Kusini-magharibi, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri la udongo lililozidi kimo cha mtu, likivuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri dogo la pili lililovuviwa. Hata hivyo taka hubaki ndani, na nyundo ndiyo inayoikamua. Isipokamuliwa hulala kama tabaka, na jembe hupasukia hapo hapo. Leo wahunzi wengi hufua springi za magari, chuma kisicho na taka hiyo, lakini kasoro ndugu yake ingalipo: mkunjo. Mhunzi akipiga ukingo ukalala juu ya mwenzake, asiufungue, akaendelea kufua, uso unakuwa laini na ndani kuna ufa uliofunikwa.

Basi anza na shingo. Pitisha kidole gumba kutoka mkiani hadi katikati ya bapa. Unene upungue polepole, bila kidaraja na bila alama kali ya ukingo wa nyundo au fuawe. Kila pembe kali ya ndani ni mahali ambapo nguvu ya pigo itakusanyika, na ufa utaanzia hapo, labda msimu wa pili, labda siku ya tatu. Ukiona mstari mwembamba ambao hujui kama ni mkwaruzo au mkunjo, pana njia ya kuuliza: paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mkwaruzo utabaki mweupe. Ufa utayarudisha mafuta uliyoyanywa, na mstari utalowa mbele ya macho yako. Kipimo hicho hicho kifanyie springi kuukuu kabla hujaipeleka motoni, hasa karibu na tundu la bolti la katikati. Springi iliyobeba mizigo barabarani kwa miaka mingi huwa na nyufa za uchovu, na sehemu ile ya tundu ni afadhali kuikata na kuitupa.

Kisha sikiliza. Lifunge jembe kwa kamba mkiani, liache lining'inie, uligonge bapa kwa msumari. Mlio mwembamba unaodumu ni dalili ya chuma kizima. Mlio unaokufa mara moja, au wenye mkwaruzo ndani yake, hudai jibu. Pengine ni ufa. Majembe yenye tundu lililochomelewa hunitia wasiwasi hata yakilia vizuri. Chuma cha springi kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kuachwa kipoe taratibu, ukanda ulio kando ya mshono hupoa ghafla na kuwa mkavu kama kigae. Mshono wenyewe hushika, jembe hukatika kando yake. Mteja humlaumu fundi kwa kuchomelea vibaya, kumbe kosa ni kupoza.

Makali hupimwa kwa tupa. Chukua tupa nzuri, iburute kwa wepesi ukingoni. Ikizama na kutoa vumbi kama unakwangua msumari, makali hayo yatakuwa butu kabla ya saa sita mchana, na katika matuta ya kichanga ya Urambo au Uyui yataisha upesi zaidi, kwa sababu mchanga hula chuma laini bila huruma. Ikiteleza kabisa, isishike hata kidogo, makali ni magumu kupita kiasi na yatameguka kwenye jiwe la kwanza. Unachotaka ni tupa inayoshika kwa shida. Tazama pia kama ukingo una doa la buluu lililoachwa na grenda. Rangi hiyo hutokea kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, maana yake aliyenoa aliliunguza jembe lililokwisha kukamilika na kuuondoa ugumu uliotengenezwa kwa jasho. Nitamsamehe mhunzi uso wenye mashimo ya magamba. Buluu ya grenda sitaisamehe.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema nunua jembe lisilopakwa rangi. Uso wa chuma kitupu huhifadhi habari za moto wake. Sehemu iliyochovywa huwa ya kijivu safi, kwani magamba hubanduka chuma kinapopoa ghafla. Sehemu iliyoachwa ipoe hewani hubaki na magamba meusi. Jembe lililofanyiwa kazi vizuri huonyesha mpaka huo waziwazi: ukanda wa kijivu makalini, weusi kuelekea shingoni. Jembe jeusi kote huenda halikuchovywa kabisa. La kijivu mpaka mkiani lilitumbukizwa zima, na shingo yake usiiamini.

Mwenye karakana ndogo nyumbani anaweza kuupata mpaka huo kwa vifaa vichache. Chagua chuma kwanza. Kiguse na grenda utazame cheche. Nondo ya kawaida hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye vichipukizi vichache. Springi hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika, na kupasuka huko ndiko kunakoonyesha kaboni. Nondo haifanyi panga, hata ikifuliwa na bingwa. Chochote chenye zinki, kama bomba la maji au bati, kisiingie motoni, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu. Shokapu iliyozibwa nayo iweke mbali na moto, inaweza kulipuka.

Miombo ya Tabora hutoa mkaa mzito unaodumu, na mkaa ulioiva huvunjika kwa mlio mkavu wala hautoi moshi mwingi. Weka tanuri kivulini, kwa sababu juani rangi ya chuma hudanganya na watu wengi huunguza springi wakidhani bado. Ning'iniza sumaku kwa waya karibu na tanuri. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku huacha kukishika. Kirudishe motoni kidogo tu kiongeze wekundu, halafu chovya makali peke yake katika mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangiwa. Maji hupasua springi, na mafuta machafu ya injini hutoa moshi mbaya. Toa upesi, sugua makali kwa kipande cha jiwe mpaka yang'ae, kisha tulia utazame. Joto lililobaki shingoni litatembea kuelekea ukingoni likileta rangi: majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kisu kizuie kwenye rangi ya majani makavu, kama nyuzi 230. Jembe, na shoka la mrina asali wa Sikonge, ngoja zambarau, kama 280. Zuia kwa kuchovya tena.

Wanaofunga mipini ya visu kwa pete ya shaba nyeupe wajue kwamba shaba hiyo hukataa kufuliwa baridi bila kupumzishwa. Kila baada ya mapigo kadhaa huwa ngumu na huanza kuchanika pembeni; ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu, iache, uendelee. Tabora iliijua kazi ya shaba kwa shida ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa, waligonga sarafu katika karakana ya reli hapa: za heller 5 na 20 za shaba, pamoja na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kabla Wabelgiji hawajauchukua mji mwezi Septemba. Ukipata kushika heller 20 ya Tabora, tazama ukingo wa herufi. Mhuri mpya huacha herufi kali, mhuri uliochoka huacha zilizovimba, na mtu huweza kuona karakana ikichoka sarafu baada ya sarafu.

Ukitaka kuagiza jembe, nenda Agosti au Septemba, kabla wenye mashamba ya tumbaku hawajajaa. Peleka springi yako uliyokwisha kuipima kwa chaki. Mwambie mhunzi udongo wa shamba lako, kwani mchanga hutaka makali magumu zaidi, na mbuga inayonata hutaka bapa jembamba lililosuguliwa laini. Mwombe asilipake rangi, na umlipe zaidi kwa saa atakayoitumia kusubiri zambarau.