Penseli Pambizoni mwa Shairi

Kufafanua tamathali za usemi katika shairi huanza na penseli. Msomaji hupiga mstari chini ya neno lililotoka nje ya maana yake ya kawaida, kisha huandika pambizoni kitu chenyewe ni kipi na kinasimama badala ya nini. Jina la tamathali, iwe tashibiha, sitiari au tashihisi, hufuata baadaye. Anayeandika “sitiari” na kufunua ukurasa hajafafanua lolote.

Kwa mfano, Kibuta, kata ya Wilaya ya Kisarawe, iko katika nchi ya mikorosho. Shairi likimwita mtu korosho, pambizo lidai kwanza habari za korosho: huning’inia nje, chini ya bibo, ilhali mbegu nyingi hukaa ndani ya tunda; ganda lake lina mafuta yanayobabua vidole; na kiini chake kwa kawaida hufikiwa baada ya korosho kuchomwa na kubanguliwa. Hapo maana hujileta zenyewe. Huenda mtu huyo amejitenga na nduguze, au ni mkali kwa anayemgusa ovyo, au wema wake humfikia mwenye subira tu. Beti zinazofuata ndizo huamua: ukitajwa moto, maana ya tatu hupata nguvu, na ya kwanza hufutwa. Uzuri wa ufundi huu ni huo, kwamba mtoto aliyewahi kubabuka vidole kwa korosho ana ushahidi ambao kamusi haina.

Hata hivyo, si kila neno geni ni fumbo. Katika mshororo wa mizani 16, mtunzi huweza kufupisha neno au kuchukua la lahaja nyingine ili kutimiza mizani na vina. Hilo nalo liandikwe pambizoni.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kielelezo kikubwa cha kazi hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mafumbo wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakipambana na Sayyid Said, sultani wa Oman. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo, akaeleza maneno magumu na visa vilivyoyazaa. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, takriban karne nzima baada ya mtunzi kufariki, na mengi ya mafumbo yake yanaeleweka leo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeuliza na mwingine aliyejua.

Wazee wanaojua mafumbo ya nyimbo za Kizaramo wapo Kisarawe hadi leo. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.