Siti binti Saad: Mwimbaji au Mtunzi?

Wahakiki wengi humwita Siti binti Saad mwimbaji, kisha huliacha neno hilo lifanye kazi ya hukumu: mwimbaji si mshairi, basi nafasi yake ni katika historia ya muziki. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo uliotokana na utumwa; jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuwa muuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake waliifanya izungumze Kiswahili, na mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950.

Wengi wetu tumemjua kupitia wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Kitabu hicho kina lugha ya kupendeza, lakini mwandishi anashughulika zaidi na mwenendo wa Siti: subira yake, ujasiri wake, jinsi alivyopanda kutoka katika ukata. Msomaji humaliza kitabu akiijua tabia ya Siti kuliko nyimbo zake.

Tuutazame wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam anauawa Unguja. Muuaji anatoroka, na wanawake walioshuhudia ndio wanaopata adhabu. Hapa hamna mafumbo ya mapenzi yaliyozoeleka katika taarabu. Kuna kesi, kuna mahakama, na kuna sauti inayoihukumu hukumu yenyewe mbele ya watu waliowajua wahusika. Edna St. Vincent Millay, mshairi wa Marekani aliyefariki mwaka huohuo wa 1950, alitunga shairi dhidi ya hukumu ya kifo ya Sacco na Vanzetti mwaka 1927, na hakuna anayeuliza kama hilo ni shairi. Tofauti ni kwamba Millay alikuwa na kalamu na mchapishaji, naye Siti, ambaye hakupata elimu ya shule, alikuwa na kundi lake na santuri.

Ipo hoja nzito zaidi: nyimbo hizo zilitungwa na kundi, wakiwemo wanaume kama Mbaruk Talsam, hivyo haiwezekani kutenga ubeti wa Siti na wa mwenzake. Hoja hii ni ya kweli, wala sidhani ijibiwe kwa kumpa Siti kila kitu. Lakini inalidhuru wazo letu la utunzi kuliko inavyomdhuru yeye. Tumelirithi wazo hilo kutoka katika kitabu kilichochapishwa, chenye jina moja juu ya jalada.

Hapa Kisangani jambo hili si la mbali. Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya akina Tippu Tip, kikakaa na Kilingala na lugha za wenyeji, na sehemu kubwa ya sanaa yake imebaki vinywani: nyimbo za misiba, za sokoni, za harusi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu huambiwa hakuna matini. Kipimo kinachomtoa Siti nje ya ushairi ndicho hichohicho kinachomwambia mwanafunzi huyo kwamba bibi yake hakutunga kitu.

Ningependa basi kozi ya ushairi ianze na santuri, na wasifu usomwe baadaye.