Ufundi wa Kumficha Mtenda

Miongoni mwa kazi zote za sarufi ya Kiingereza, iko moja ambayo haijapata wa kuisifu wala wa kuililia, nayo ni ile ya kuunganisha kitenzi kisaidizi cha hali na kauli ya kutendwa. Vitenzi visaidizi vya hali ni yale maneno machache, "can", "may", "must", "shall", "should", "will" na wenzao, ambayo hayataji tendo lenyewe bali hueleza tendo hilo limebeba uzito gani: kama ni wajibu au ruhusa, ushauri au uwezekano tu. Kauli ya kutendwa nayo humtanguliza anayetendwa, ikamrudisha mtenda nyuma au ikamwondoa kabisa. Vinapokutana, "be" ikikaa katikati na umbo la tatu la kitenzi likifuata, mwandishi huwa ameamua mambo mawili kwa mpigo mmoja, yaani ukali wa kauli na hatima ya mwenye kutenda, na hapo ndipo fundi wa lugha anapojulikana.

Katika shule nyingi za sekondari za Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, muundo huu huwafikia wanafunzi kama zoezi la kugeuza sentensi na si zaidi. "The farmer must water the trees" hugeuzwa ikawa "The trees must be watered by the farmer", vema huwekwa kwa kalamu nyekundu, na somo likapita. Mwalimu mwenye silabasi ndefu na darasa lililofurika hana wa kumlaumu, lakini swali la msingi, la kwa nini mtu ahangaike kuigeuza sentensi iliyokuwa imetulia, hubaki bila mwulizaji. Jambo hilo linasikitisha zaidi kwa kuwa msemaji wa Kiswahili amekulia ndani ya ufundi wa namna hiyohiyo. Anaposema kwamba lisemwalo lipo, hamtaji msemaji, kwa sababu uvumi hauna mwenyewe. Na anaposema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, huwataja watenda wote wawili, tena huwaweka mwishoni mwa vishazi, kwa sababu uzito wote wa methali uko kwao. Wahenga walijua ni wakati gani mtenda afichwe na ni wakati gani aitwe kwa jina, na walilijua hilo bila zoezi lolote la kugeuza.

Kwamba kugeuza si kazi ya kimakanika tu kunaonekana wazi katika sentensi fupi kama "The chief will not hear the widow". Hapa "will not" haielezi tu jambo ambalo halitatokea kesho, kwani imebeba pia ukaidi wa chifu, mtu aliyeombwa asikilize akakataa. Ikigeuzwa na kuwa "The widow will not be heard", maneno yaliyobaki ni sahihi yote, wala hakuna mtahini atakayekata alama, ila ukaidi umeondoka pamoja na mwenyewe, na kilichosalia ni taarifa baridi, mithili ya utabiri wa mvua isiyotarajiwa kunyesha. Hata "by the chief" ikiongezwa mwishoni, ule ukaidi haurudi kwa ukamilifu, kwa maana kitenzi kisaidizi hufuata kiima, na kiima sasa ni mjane, ambaye hakukataa chochote. Wanasarufi Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, walionyesha kwamba kubadili kauli penye vitenzi visaidizi vya hali kunaweza kubadili maana, na mfano wa mjane unaonyesha kwamba kinachobadilika huweza kuwa lawama yenyewe.

Uzuri mwingine wa muundo huu umo katika namna unavyobeba maana nyingi kwa maneno machache. "The gate must be locked" huweza kuwa agizo kwa mlinzi, na huweza pia kuwa hitimisho la mtu aliyelisukuma lango likagoma, akakisia kwamba limefungwa. Ikiongezwa "have", ikawa "The gate must have been locked", kwa kawaida agizo hutoweka na kubaki hitimisho pekee, tena juu ya jambo lililopita. Ikiondolewa "must" na kuwekwa "should", ikawa "The gate should have been locked", lango lile lile huwa ushahidi wa uzembe: ilipasa lifungwe, halikufungwa, na yupo mtu wa kujibu ingawa hajatajwa. Kutoka amri hadi dhana, na kutoka dhana hadi shutuma, hakuna kilichohama ila maneno mawili madogo, na mwandishi asiyeusikia mwendo huo hana budi kuandika asichokikusudia.

Walioutumikia ufundi huu kwa uaminifu mkubwa zaidi ni waandishi wa sheria. Mjini London ofisi maalumu ya kuandika miswada ya serikali iliundwa mwaka 1869, Henry Thring akiwa mkuu wake wa kwanza, lakini sentensi zenyewe zilikuwa zimeshasafiri mbali kabla ya hapo. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ilianzwa na tume ya Macaulay katika miaka ya 1830, ilijengwa juu ya fungu "shall be punished", na kanuni hiyo ilivushwa bahari ikatumika Kenya na Tanganyika hadi zilipopata kanuni zao za adhabu mwaka 1930. Mwenye kuadhibu hakutajwa, wala hakuhitaji kutajwa, kwa sababu mahakimu huja na kuondoka ilhali adhabu hubaki palepale. Mpaka leo sheria nyingi za Kenya na Tanzania zilizoandikwa kwa Kiingereza hujitambulisha katika kifungu cha kwanza kwa fungu "may be cited as", ambalo humruhusu yeyote, awe wakili au mfungwa, kuitaja sheria kwa jina lake fupi.

Kilele cha ufundi huo ni Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, ambalo matini yake ya Kiingereza hutumia "shall be held" kukataza mtu yeyote kuwekwa utumwani. Mtu aliyezoea kudharau kauli ya kutendwa angetaka mshika watumwa atajwe, lakini kumtaja ni kumwekea mipaka, na penye mipaka pana upenyo. Pwani ya Afrika Mashariki inalijua hilo, kwa kuwa amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 iliyoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria iliwaacha nje masuria, na waliobaki wakatakiwa kwenda wenyewe kuudai uhuru wao. Sentensi ya 1948, kwa kutomtaja mtenda, haikumsamehe mtenda yeyote, awe mfalme, tajiri au mume.

Sifa hizo zote leo zimefifia, na waliozififisha ni wa pande mbili. Upande mmoja wako washauri wa uandishi, ambao tangu insha ya George Orwell ya mwaka 1946 juu ya siasa na Kiingereza wameikariri kanuni ya kuikwepa kauli ya kutendwa, bila kukumbuka kwamba sentensi ya kwanza ya insha hiyohiyo inaitumia. Ubaya wa kanuni za jumla ulidhihirika Marekani, ambako "shall", kwa haki kabisa, ilikuwa imelaumiwa kwa kutumiwa ovyo, nayo ikaondolewa katika kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho mwaka 2007. Kanuni ya 56, inayohusu hukumu itolewayo bila kesi kusikilizwa hadi mwisho, ilikuwa ikisema "shall be rendered", ikageuzwa kuwa "should be rendered", na neno hilo moja likazua hofu kwamba wajibu wa mahakama umepunguzwa ukawa hiari. Mwaka 2010 "shall" ilirudishwa mahali pake, na safari hii mahakama ikatajwa waziwazi kuwa mtenda. Huko ndiko kuandika kwa mtu anayepima kila neno.

Upande wa pili, na ulio mzito zaidi, wako wale wanaoutumia muundo huu kila siku pasipo kuupima. Ofisi inapoandika "mistakes may have been made", maneno matatu ya msaada yamekusanywa ili kosa lipungue hadi kuwa uwezekano na mkosaji apotee kabisa, na inapoandika "action will be taken", haijulikani nani atachukua hatua, lini, wala dhidi ya nani. Tabia hiyo imehamia katika Kiswahili cha taarifa na matangazo, ambako hatua kali zitachukuliwa, changamoto zitatatuliwa na uchunguzi utafanywa, miaka nenda miaka rudi, na mchukuaji, mtatuzi na mchunguzi hawajulikani. Ufundi uliobuniwa ili sheria isimsaze mtu sasa unafanya kazi ya kumsitiri mtu mmoja asiulizwe.

Sarufi yenyewe haina hatia katika hayo. Kumficha mtenda ni halali pale ambapo mtenda ni kila mtu, au hajulikani, au hana uzito katika jambo linalosemwa, na ni hila pale ambapo anajulikana na kuna mtu anayestahili kumwona. Inafaa mwalimu anayefundisha kugeuza sentensi amdai mwanafunzi sababu pamoja na jibu, na inafaa kila anayeandika "will be" au "zitachukuliwa" ajiulize kwanza kama yuko tayari kulitaja jina alilolificha. Asiyeweza kulitaja hana haki ya kulificha.