Hongera, Mafundi wa Matofali wa Machakos

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, iliiacha kando Machakos, mji uliokuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi kuzaliwa. Machakos ilibaki na udongo wake, na mafundi wanaoujua. Hukanda udongo, huujaza kwenye kalibu, huanika matofali, kisha huyapanga yawe tanuri na kuyachoma kwa kuni usiku na mchana. Ndiyo yanayosimamisha nyumba ya mfanyakazi: chumba kimoja au viwili, kuta nene zinazochelewesha joto, paa la bati. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 hulinda majengo yaliyotangazwa kuwa urithi. Nyumba hizi ndogo nazo zinastahili heshima hiyo. Mafundi, hongereni sana. Mikono yenu imetusitiri.