Kinachotangulia Sindano

Hofu ya sindano kwa mtoto mdogo haizaliwi pale ncha inapogusa ngozi. Mara nyingi huwa imekwisha kukomaa kabla muuguzi hajachana kifuko cha bomba, na anayetaka kuielewa hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: maumivu, ambayo ni taarifa inayosafirishwa na mishipa ya fahamu kutoka kwenye ngozi na msuli hadi kwenye ubongo, na hofu, ambayo ni matarajio ya maumivu hayo, yaliyojengwa na kumbukumbu, na maneno ya watu wazima, na sura ya chumba chenyewe. Mchomo hudumu sekunde chache, ilhali matarajio yanaweza kuanza nyumbani asubuhi na kuendelea kwa miaka. Uhakiki wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto walio wengi huogopa sindano, na kwamba hofu hiyo, ingawa hupungua kadiri umri unavyosonga, bado huonekana kwa asilimia 20 hadi 50 ya vijana wanaobalehe na asilimia 20 hadi 30 ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Kwa hiyo kauli ya kwamba mtoto ataizoea tu ni kweli kwa baadhi yao, si kwa wote.

Namna mwili unavyofunzwa hofu hii ilionekana wazi katika utafiti uliofanywa mjini Toronto, nchini Kanada, na Anna Taddio na wenzake, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watafiti hao waliwatazama watoto wachanga wa akina mama wenye kisukari, ambao hulazimika kuchomwa kisigino mara kadhaa katika saa za mwanzo za maisha ili sukari katika damu yao ipimwe, kwa kuwa inaweza kushuka baada ya kuzaliwa. Watoto hao walipokuja kutolewa damu kwenye mshipa wa mkono, walionyesha maumivu makali zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepitia michomo ile ya kisigino. Lakini lenye uzito zaidi lilitokea kabla ya sindano yenyewe, kwani walianza kukunja nyuso wakati ngozi inasafishwa tu. Kichanga ambaye bado hajatimiza siku mbili duniani, asiye na neno hata moja, alikuwa amekwisha kujua kwamba ubaridi wa kusafishwa hufuatwa na mchomo. Wanasaikolojia hukuita huku kujifunza kwa kuhusisha, maana yake ni kwamba jambo lisilo na madhara, likitangulia jambo linaloumiza mara kwa mara, huanza lenyewe kuamsha mwitikio wa maumivu. Harufu ya spiriti, koti jeupe, mlio wa trei ya chuma na benchi la kusubiria vyote vinaweza kufanya kazi ileile iliyofanywa na ubaridi huo.

Nchini Tanzania ratiba ya chanjo huyapa mafunzo haya nafasi kubwa mapema, kisha huyaacha yakae. Mtoto hupata chanjo ya BCG ya kukinga kifua kikuu mara baada ya kuzaliwa, halafu sindano za pentavalenti na za kukinga nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Baada ya hapo kadi ya kliniki hunyamaza kwa upande wa sindano za kawaida, na mtoto huingia katika miaka ya kupata lugha, kumbukumbu na uwezo wa kuwazia mambo, bila kukutana na sindano katika hali ya utulivu. Inayofuata humkuta akiwa na homa, amechoka, amekosa usingizi, anachomwa kidole apimwe malaria au anatafutwa mshipa awekewe dripu. Mtoto wa miaka minne aliyefikishwa hapo anaweza kuwazia sindano yenye ukubwa wowote, lakini hawezi kupima urefu wa sekunde tatu, na hajui kwamba kuna mwisho.

Ndani ya pengo hilo la miaka ndimo malezi ya nyumbani yanamoingia na kulijaza. Kauli ya kwamba mtoto asiponyamaza ataitiwa daktari amchome sindano imezoeleka kiasi kwamba anayeitamka haihesabu kuwa kitisho, sawa na anayemtajia zimwi. Jambo la kusikitisha ni kwamba jamii hiyohiyo huiheshimu sindano kama dawa yenye nguvu, hata mgonjwa anayetoka hospitali na vidonge pekee huweza kujiona hakutibiwa. Sindano imebebeshwa kazi mbili zinazopingana, ya tiba na ya fimbo, na mtoto anayejua kazi ya pili tu akifikishwa kliniki huelewa kwamba ameletwa kuadhibiwa kwa kosa asilolijua. Hakuna mbinu ya kitaalamu, wala dawa ya ganzi, inayoweza kufidia kikamilifu hasara hii, na kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kumtuliza mtoto haiko mikononi mwa muuguzi bali kinywani mwa mzazi, shangazi, dada wa kazi na jirani.

Upande wa kliniki, mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 2015, wakati Shirika la Afya Duniani lilipochapisha msimamo wake kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo. Uzito wa waraka huo uko katika uteuzi wake, kwa sababu uliandikwa ili utumike katika kituo chochote, chenye umeme au kisicho nao. Uliyakubali mambo yasiyogharimu: mtoa huduma awe mtulivu na atumie maneno yasiyoegemea upande wowote, mzazi awepo, mtoto mdogo apakatwe badala ya kulazwa, anayenyonya anyonyeshwe wakati wa mchomo au muda mfupi kabla, aliye chini ya miaka sita ashughulishwe na kitu kingine, na chanjo zikiwa zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Dawa ya ganzi ya kupaka, ambayo hufanya kazi lakini huhitaji kusubiri hadi saa nzima na ina gharama, haikupendekezwa kwa mipango ya chanjo ya kitaifa. Vilevile hayakupendekezwa baadhi ya mazoea yanayopendwa, kama vile kuipasha chanjo joto, au kumpa mtoto dawa ya maumivu ya kunywa kabla ya kuchomwa, jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kwa nia njema.

Kusugua mahali pa mchomo nako hakukupita, na hapa pana fundisho dogo kwa wapenzi wa nadharia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango, inayosema kwamba taarifa za mguso zinaweza kuzibana taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo zisipite zote kwenda ubongoni, na ndiyo maana aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa. Nadharia hiyo ina nguvu, lakini ushahidi wa kusugua mahali pa sindano haukutosha, na waandishi wa waraka walifanya vyema kufuata ushahidi.

Ufundi wa mkono nao ulibadilika. Kwa miaka mingi wauguzi walifundishwa kuvuta kidogo pistoni ya bomba baada ya kuingiza sindano, ili kuona kama damu itarudi, ishara kwamba ncha imeingia kwenye mshipa. Kwenye paja na bega, mahali panapotumika kwa chanjo, hakuna mishipa mikubwa ya damu ya kuhofiwa, na jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba watoto wachanga waliochomwa haraka bila kuvuta pistoni waliumia kidogo kuliko waliochomwa polepole kwa utaratibu wa zamani. Kuvuta kulirefusha muda wa ncha kukaa ndani na kuitikisa kwenye msuli, bila faida yoyote kwa mtoto.

Hata hivyo sehemu yenye utajiri zaidi katika kazi hii ni namna mtoto anavyokaa, na inafaa kutazamwa kwa ukaribu. Mtoto wa miaka minne anayetakiwa kuchomwa mkononi hukaa kwa ubavu juu ya paja la mama, ubavu wake mmoja ukiwa umegusa kifua cha mama. Mkono wake ulio upande wa mama hupitishwa chini ya kwapa la mama na kuzunguka mgongo wake, kana kwamba anamkumbatia, na miguu yake hubanwa taratibu katikati ya mapaja ya mama. Mkono mmoja wa mama humzunguka mabegani, na mwingine hushika mkono utakaochomwa, chini kidogo ya kiwiko. Muuguzi hukaa pembeni, usawa wa macho ya mtoto, badala ya kusimama juu yake. Mtoto amezuiwa barabara, lakini kinachomzuia ni kumbatio, na tofauti kati ya hali hiyo na ile ya kulazwa chali huku watu wawili wamemkandamiza ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtazamaji, kwa kuwa aliyelazwa chali hupoteza kwa wakati mmoja uso wa mama, uwezo wa kujigeuza na hisia ya kuwa upande mmoja na mtu yeyote. Anayesema hakuna nafasi ya mambo haya kwenye foleni ya watoto mia afikirie dakika zinazopotea safari inayofuata, mtoto huyohuyo anapopiga kelele tangu mlangoni na kuwaambukiza hofu wote walio kwenye benchi.

Pumzi hutumika pamoja na kumbatio hilo. Kutoa pumzi ndefu hulegeza misuli, na msuli uliolegea huumia kidogo kuliko uliokakamaa, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kutii agizo la kupumua taratibu. Anachokijua ni kupuliza uji wa moto. Akiambiwa apulize kikombe cha uji mara tatu, kwa nguvu, mpaka kipoe, hutoa pumzi ndefu bila kujua kwamba anafanya tiba, na muuguzi mzoefu huingiza sindano kwenye mpulizo wa pili. Mapovu ya sabuni ndani ya kikopo hufanya kazi ileile na huongeza kitu cha kutazama.

Maneno yanahitaji uangalifu uleule. Kauli ya haiumi hutolewa kwa upendo, lakini ni uongo unaogunduliwa baada ya sekunde chache, na mtoto aliyeugundua hana sababu ya kuamini neno jingine la mtu huyo. Swali la itauma linastahili jibu la kweli na fupi, kwamba atahisi kama amefinywa, kwamba wengine huhisi kidogo na wengine zaidi, na kwamba yeye ndiye atakayesimulia ilivyokuwa. Kusema haya, tunaanza, hufaa kuliko kusema nakuchoma sasa. Mtoto wa kiume anayeambiwa kwamba mwanaume halii hunyang'anywa njia yake ya kupumua, na ingefaa aambiwe kwamba ruhusa ya kulia anayo na kwamba kazi yake ni moja tu, kuuacha mkono utulie.

Jambo gumu zaidi kwa msemaji wa Kiswahili ni neno pole. Ronald Blount na wenzake, waliochunguza mwaka 1989 mazungumzo ya watu wazima na watoto wenye saratani wakati wa vipimo vyenye maumivu, waligundua kwamba maneno ya kubembeleza, kuomba radhi na kukaripia yalitangulia kuongezeka kwa dhiki ya mtoto, ilhali mazungumzo ya mambo mengine na maelekezo ya kupumua yalitangulia utulivu. Pole inayosemwa kabla ya sindano, kwa sauti ya huzuni, humweleza mtoto kwamba baya linakuja na kwamba hata mama analiogopa. Hakuna haja ya kuliondoa neno hilo zuri, ila mahali pake ni baada ya mchomo.

Baada ya mchomo ndipo pia kumbukumbu inapoandikwa, na watu wengi huiachia ijiandike yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu watoto wenye saratani ya damu waliokuwa wakichomwa uti wa mgongo mara kwa mara, ulionyesha kwamba kumsaidia mtoto kuipima upya kumbukumbu ya mara iliyopita hupunguza dhiki yake mara inayofuata. Njiani kurudi nyumbani, mama anayemkumbusha mtoto kwamba alipuliza uji mara tatu na mkono ukatulia hasemi uongo wowote, kwani hakukana kilio. Amechagua tu sehemu ya kweli itakayobaki.

Wapo watoto ambao hayo yote hayatawatosha. Anayezimia aonapo sindano anapaswa kuchomwa akiwa amelala, na ambaye hofu imemfikisha kukataa matibabu anahitaji kuzoeshwa kwa hatua na mtaalamu wa saikolojia, si kushikwa kwa nguvu zaidi. Wanaostahili kufikiriwa kwanza ni wale wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazobeba mzigo wake mkubwa duniani, kwa kuwa mtoto wa aina hiyo atatolewa damu na kuwekewa dripu maisha yake yote. Kwake dawa ya ganzi ya kupaka si anasa, na pale inapopatikana ingefaa awe wa kwanza kupewa. Kwake pia uchaguzi una thamani, mradi uwe wa kweli: kumuuliza kama anataka kuchomwa ni kumtega, maana akikataa atachomwa vilevile, lakini kumuuliza, kabla pamba haijaloweshwa, kama leo utolewe mkono wa kulia au wa kushoto, kisha kuufuata mkono alioutaja, ni kumpa sehemu ya kazi ambayo hakuna mwingine chumbani anayeweza kuifanya.