Mbuzi ya Bibi Huko Maskati

Mwezi ukishaandama, nyumba nyingi za Maskati huwaza nyama: ya kukolezwa viungo, kufungwa barabara na kufukiwa kwenye shimo la makaa mpaka iwe shuwa. Lakini katika nyumba moja, bibi wa miaka 80 na ushei huivuta mbuzi yake kutoka nyuma ya mlango wa jikoni, akaikunjua, akaikalia upande, akaagiza aletewe nazi.

Mababu zake walitoka Omani wakavuka bahari, zama zile Sayyid Said alipoyahamishia makao yake Unguja. Yeye alizaliwa huko, akakulia huko, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza nchi aliyoambiwa ni kwao. Karibu kilomita 4,000 kutoka Unguja, Idi yake ikabaki na harufu ya tui.

Nazi hazikumshinda kupata. Salalah, kusini mwa Omani, minazi hustawi na madafu huuzwa kando ya barabara.

Kabla ya kuvunja, kila nazi huitikisa sikioni na kusikiliza maji yake. Iliyonyamaa huirudisha. Kisha hugonga kwa mgongo wa kisu huku akiizungusha kiganjani, mara tatu, nne, ikapasuka nusu kwa nusu. Anapokuna, bega limetulia. Kinachogeuka ni kifuu, kidogo kidogo, na nazi hudondoka sahanini nyepesi na nyeupe. Ufundi wenyewe uko katika kujua pa kuachia. Meno ya chuma yakiligusa gamba la kahawia, tui hupoteza weupe wake, na mkate wa kumimina utakaotokana nalo humsema aliyekuna. Basi yeye huacha utando mwembamba wa nyama ndani ya kifuu, usiozidi unene wa ukucha. Wenye haraka watasema ni hasara.

Yafuata maji ya vuguvugu, kifumbu, na vidole vinavyokamua mpaka chicha ikauke. Kasimile hutengwa kwa ajili ya mkate. Tui la pili huwekewa tambi za asubuhi.

Watoto wake wamekwisha kuhamia kwenye tui la kopo. Kopo hukaa kabatini miezi na miezi bila kuchacha, sifa ambayo tui la kweli halijawahi kuitaka. Hata Unguja kwenyewe blenda zimeingia majikoni, nazo husaga kila zinachopewa, gamba na nyama pamoja. Watu hula, husifu, huondoka. Wachache hukumbuka kwamba mkate ule zamani ulikuwa mweupe zaidi. Uzembe huu hauna kelele, ndiyo maana umepita mlangoni bila kuulizwa.

Mwaka huu mjukuu mmoja, msichana aliyezaliwa Maskati na asiyewahi kuiona Unguja, aliomba ajaribu. Bibi akampisha. Kifuu kilimteleza mara mbili, na alipomaliza nusu yake, sahani ilikuwa na chembe za kahawia tele. Alitaka kuimwaga. Bibi akaishika sahani, akaisogeza karibu na taa, akaanza kuzichambua chembe zile moja moja, na takbira zikiendelea msikitini.